Mimea Inayonyonya Sumu ya Madini Ardhini

Leo tunazungumza hasa na wale wenye mashamba karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama vile Geita, Kahama na Chunya, ambako pengine bustani ya mchicha na karasha la kusagia mawe vimetenganishwa na njia ya miguu tu. Swali linaloulizwa na wengi ni hili: eti ni kweli mtu akipanda alizeti kwenye ardhi iliyoingiwa na sumu ya madini, alizeti itainyonya sumu yote na shamba litakuwa safi? Jambo hili lina ukweli ndani yake, lakini mkulima akilishika nusu anaweza kuwalisha watoto wake sumu ile ile aliyotaka kuiondoa.

Kwanza tuelewane juu ya sumu yenyewe. Mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na madini mengine ndani yake, kama aseniki na risasi. Wachimbaji wadogo wadogo wakishayasaga na kuyaosha, hutia zebaki ili ikamate dhahabu. Unga wa mawe unaobaki, ndiyo yale marudio, hurundikwa pale mwaloni. Mvua ikinyesha hushuka nao bondeni, na bondeni ndiko kwenye bustani zetu. Madini haya hayaozi kama takataka za jikoni. Risasi ikishaingia shambani mwako leo, wajukuu wataikuta.

Sasa tuje kwenye mimea. Mmea hunyonya maji pamoja na vitu vilivyoyeyuka ndani yake, vizuri na vibaya. Mimea mingi ikikutana na madini mengi hudumaa au hufa. Lakini iko michache iliyozoea, nayo huyapandisha madini na kuyaweka akiba kwenye majani bila kudhurika. Kule Katanga, nchini Kongo, kuna kimmea kiitwacho na wataalamu Haumaniastrum katangense, ambacho hustawi kwenye udongo wenye shaba nyingi hata watafuta madini wakakitumia kama alama. Katika kisiwa cha New Caledonia uko mti ambao utomvu wake ni wa rangi ya kijani-buluu kwa wingi wa nikeli. Utomvu huo ukikaushwa, karibu robo yake ni madini hayo. Na mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitangaza kwamba aina moja ya kangaga, Pteris vittata, hunyonya aseniki kwa kiasi cha ajabu. Kangaga hilo huota hata kwenye nyufa za kuta za mawe na chokaa, nalo waliliona kwenye kiwanja kilichochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao.

Haya, tupige hesabu. Udongo wa eka moja, kwa kina cha sentimeta 20, una uzito wa karibu kilo milioni moja. Tuseme kila kilo ina risasi miligramu 100. Basi eka hiyo imebeba kilo 100 za risasi. Unapanda alizeti, unavuna mabua, majani na vichwa, jumla tani 2 zikiwa kavu. Tuseme kila kilo imepandisha miligramu 50, na hapo tumeipendelea sana alizeti, maana risasi hung'ang'ania udongo. Umeondoa gramu 100. Ili kumaliza kilo 100 unahitaji kuvuna mara elfu moja!

Kangaga lina nafuu. Tuseme eka yako ina kilo 50 za aseniki, na kila mwaka unakata tani moja ya majani makavu, kila kilo ikiwa na gramu 3. Hizo ni kilo 3 kwa mwaka. Bado ni miaka kama 17, tena bila kupanda chakula, na mavuno ya sumu hupungua kadiri udongo unavyosafika. Sifa hiyo inalo kwa aseniki. Kwa risasi usilitegemee. Na zebaki ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa mimea mingi huishia nayo mizizini.

Ndiyo maana kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, risasi ya mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani ilipoua watoto zaidi ya 400, hawakungojea mimea. Walikwangua udongo wa nyuani na kuleta mwingine safi. Basi, akina mama na akina baba, karasha lisikae uani, na mtu aliyetoka kusaga mawe avue nguo za kazi kabla hajambeba mtoto.

Liko jambo lingine ambalo watu hulisahau. Mmea ukinyonya sumu, sumu haijatoweka. Imehamia kwenye mmea. Sasa utaupeleka wapi? Ukimpa mbuzi, umempa sumu. Ukiutupa kwenye shimo la mboji, umeirudisha shambani. Ukiufanya kuni, imebaki kwenye majivu, na mengine yamekwenda na moshi. Hata alizeti ikikamuliwa, mafuta hubeba kidogo, lakini madini mengi hubaki kwenye mashudu, na mashudu ni chakula cha ng'ombe na kuku.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mkulima mdogo ni kutumia mimea kama komeo, si kama pampu. Nyasi za vetiva ndizo zifaazo. Mizizi yake hushuka wima mita 3 na zaidi, na madini yanayonyonywa hubaki zaidi mizizini kuliko kwenye majani. Panda vipando mwanzoni mwa mvua, kwa mstari unaokingama na mteremko, kati ya marudio na bustani, kila kipando sentimeta 10 hadi 15 kutoka kwa mwenzake. Ukiacha nafasi kubwa maji yatapenya. Lakini kuyazuia marudio ni wajibu wa mwenye nayo kwanza, si wa mkulima. Jambo hilo lipelekwe kwenye serikali ya kijiji kabla ya mvua, si baada.

Kipande kilichokwisha kuchafuka usikiweke mboga za majani, kama mchicha na chainizi, wala karoti na viazi. Hizo ndizo hushika sumu zaidi, na vumbi hunata juu yake. Mahindi, maharage na nyanya huingiza kidogo zaidi katika sehemu tunayokula, ila kama udongo umeharibika sana, afadhali upande miti ya kujengea. Kuosha mboga husaidia kuondoa vumbi. Hakuondoi zebaki iliyoingia majanini kwa mvuke pale jirani anapochoma dhahabu yake. Samadi iliyooza vizuri huishikilia risasi isiingie mizizini. Chokaa nayo hufanya hivyo kwenye udongo wenye uchachu, lakini inaweza kuilegeza aseniki, kwa hiyo usiimwage kabla ya kupima.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Chukua udongo kidogo kidogo sehemu 15 hadi 20 za shamba, kina cha sentimeta 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha utoe nusu kilo na kuianika kivulini. Mwone bwana shamba au bibi shamba wako akusaidie kuifikisha maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi za kanda, ikiwamo ya Mwanza. Andika kwenye mfuko jina la kijiji, kina na tarehe, na utaje wazi kwamba unataka kipimo cha risasi, aseniki na zebaki, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakiyaonyeshi madini hayo.