Nyama ya porini Mucojo: bandama ikiwa nyeusi, weka kisu chini

Na Mwandishi Wetu

MASHAMBA yakikaa misimu kadhaa bila mwenyewe hugeuka vichaka, na vichakani ndiko wanakoishi funo na paa. Wanaorejea Mucojo, wilayani Macomia, wanalijua hilo. Wengi waliikimbia pwani hiyo mwaka 2020, na Januari 2024 wapiganaji walipoiteka tena, waliokuwa wamerudi walifungasha upya. Anayerejea hukuta mbuzi hakuna na muhogo ndiyo kwanza unapandwa. Si ajabu mtego wa waya ukawa ndio unaoleta kitoweo.

Tatizo ni kwamba mtego haumwonyeshi mwindaji mnyama alivyokuwa kabla ya kunaswa. Anayewinda kwa mbwa humwona akikimbia. Akimkuta amesimama tu, anatokwa mate na haogopi mtu, anajua kuna jambo. Huko Namibia, kuanzia mwaka 1977, tandala kwa maelfu walikufa kwa kichaa, ugonjwa tuliozoea kuusikia kwa mbwa. Kwa mwenye mtego, dalili ya kwanza mara nyingi huonekana kisu kikishaingia.

Wa kuogopwa zaidi ni kimeta. Mnyama aliyekufa nao huvimba haraka, hakakamai kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni na sehemu ya haja kubwa. Ndani, bandama huwa kubwa, nyeusi na laini kama uji. Lakini ukiziona dalili za nje usimpasue kabisa, kwa sababu vijidudu vikikutana na hewa hujijengea ganda gumu na huweza kukaa ardhini kwa miongo. Jua na moshi wa kukaushia nyama haviviui, wala chungu cha jikoni si cha kutegemewa.

Wakazi wengi wa Mucojo ni Waislamu, na aliyekufa mtegoni kwao ni mzoga, haliwi. Kanuni hiyo ni kinga kubwa. Ila mnyama anayekata roho hukimbiliwa ili achinjwe kabla hajafa, na damu yote humwagika mikononi mwa mchinjaji. Mchubuko mdogo tu unatosha. Siku chache baadaye hutokea kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati ambacho, ajabu yake, hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, watu hukipuuza. Dawa za antibiotiki hukitibu zikianzwa mapema. Aliyekula nyama yenyewe yuko katika hatari kubwa zaidi.

Haya yametokea kwa majirani. Mwaka 2004 viboko walianza kufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, na waliokufa walifikia 300 hivi. Mwaka 2011 wilayani Chama, Zambia, watu zaidi ya 500 waliugua baada ya kula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa. Mwenye njaa akiona nyama ya bure hana muda wa kuuliza maswali.

Hata hivyo, si kila dosari ni kimeta. Minyoo bapa ndani ya ini hutisha macho, lakini ini likitupwa na nyama ikaiva vizuri, hakuna neno. Vinundu vya njano kwenye mapafu au matezi, vyenye kitu kikavu kama jibini ndani, ni suala jingine. Huenda ni kifua kikuu, na hapo mnyama mzima aachwe.

Kwa wanaovuka Ruvuma, iwe kwa kivuko cha Kilambo au Daraja la Umoja, ukweli ni huu: nyama iliyokaushwa haina bandama ya kukaguliwa. Anayeuziwa Mtwara hawezi kujua mnyama alikufaje. Tena Tanzania humshitaki anayekutwa na nyamapori bila kibali, na sehemu ya Macomia imo ndani ya Hifadhi ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002. Wanaodhani maradhi hayasafiri na biashara wakumbuke Newala mwaka 2009, ambako sotoka ya mbuzi iliingia na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam.

Mzoga wa kutiliwa shaka uchomwe pale pale au ufukiwe shimo refu mbali na kisima, bila kuburutwa. Kisu kichemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na ofisi ya mifugo ya wilaya iarifiwe. Mbwa afungwe mpaka kazi iishe.