Kuondoa Stika na Nembo za Muuzaji katika Gari la Chama

Chama cha msingi kinaponunua gari, liwe jipya au lililotumika Japani na kuingizwa kwa bandari ya Dar es Salaam, aghalabu hulipokea likiwa na stika na nembo za muuzaji. Wanachama hupenda ziondolewe na jina la chama chao liandikwe. Nia hiyo ni njema. Lakini zikibanduliwa kwa kisu au bisibisi, rangi huchubuka hadi kwenye bati, kutu huanza, na gharama ya kupaka rangi upya hutoka katika fedha za wanachama.

Kwanza, ijulikane kipi kisiguswe. Kibao cha namba ya chasisi, karatasi ya upepo wa matairi iliyo mlangoni, na maonyo ya mifuko ya hewa ya usalama si matangazo ya muuzaji. Namba ya chasisi ndiyo inayolinganishwa na kadi ya gari wakati wa ukaguzi au mauzo. Kibao chake kikipotea, chama kitatiliwa shaka juu ya mali yake halali.

Pili, gari lioshwe. Vumbi jekundu la barabara za mlimani hukwaruza rangi kama msasa. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, kazi isifanywe alfajiri, hata kama gari limelala Njoro, chini mjini. Gundi ikiwa baridi huwa ngumu, na stika hukatika vipande vipande. Afadhali kungoja jua lipashe bodi, au kuikanda stika kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto yanayovumilika mkononi. Maji yanayochemka yasimwagwe juu ya kioo baridi, kwani kioo huweza kupasuka.

Stika ikishapata joto, ianzwe pembeni kwa ukucha na kuvutwa polepole, ikilazwa karibu na bodi. Nembo ya plastiki hukatwa kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki: mshipi hupitishwa nyuma ya nembo na kuvutwa huku na huku, kama msumeno. Nembo ikikataa, isilazimishwe. Nyingine hushikwa na vipini vilivyoingia katika matundu ya bati, na matundu hayo yasipozibwa na fundi, maji hupenya.

Gundi iliyobaki isuguliwe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa laini, kisha ioshwe kwa sabuni. Petroli na tina zisitumiwe: petroli hushika moto upesi, na tina huyeyusha rangi, hasa ya gari lililopakwa upya. Katika kioo cha nyuma, wembe usipitishwe upande wa ndani, kwa sababu nyuzi nyembamba zinazoondoa ukungu zikikatwa hazifanyi kazi tena.

Katika gari lililotumika, alama ya nembo huweza kubaki kwa kuwa rangi iliyofunikwa haikupauka. Hilo si kosa la aliyeiondoa. Polishi huipunguza, na jina la chama laweza kuandikwa juu yake.

Katibu anashauriwa kukagua bodi pamoja na dereva kabla ya kazi na baada yake, na kuandika hali yake katika daftari la gari. Mkwaruzo ulioandikwa mapema hauzui ugomvi katika mkutano mkuu.