Simu Hiyo Hiyo ya Kubetia

Oya wana, tuongee kiukweli. Hapa Lushoto kila mtu ana stori. Bodaboda wa stendi anayo, dogo anayekimbilia mabasi na matunda damu kule Mombo anayo, na bibi anayeshuka na kabichi kutoka Magamba ndiyo usiseme kabisa. Noma ni kwamba stori zote zinafia kijiweni. Mwambie mchizi aiandike ile ya jana iliyotuvunja mbavu, anakujibu hana laptop. Laptop ya nini, mwanangu? Simu si unayo, na mpaka saa nane usiku uko humo unabeti?

Simu hiyo hiyo inatosha kutoa riwaya, ila uiseti kwanza. Pakua Google Docs ukiwa mjini kwenye mtandao uliotulia, halafu yale mafaili yako yaruhusu yafunguke hata bila intaneti. Ukipanda zako Mtae, ukungu ukashuka na mnara ukazingua, wewe unaendelea kuchapa tu. Mtandao ukirudi, kazi inajihifadhi yenyewe. Kingine, kibodi. Kama ya kwako bado inafikiria Kizungu, unaandika "hapo" yenyewe inakuletea "happy", na hapo mzuka wote unakata. Ingia kwenye mipangilio ya Gboard, weka Kiswahili, maisha yaendelee. Kwa wale wavivu wa vidole, kuna kuandika kwa sauti: Google waliingiza Kiswahili tangu 2017. Unaongea, simu inaandika. Ila ukianza maneno ya kitaa inapoteana vibaya, kwa hiyo jipange kusahihisha.

Sasa kwa ambao tatizo lao ni kuanza. Kuna kitu mtandaoni kinaitwa The Most Dangerous Writing App, na jina halijadanganya. Unachagua muda, tuseme dakika tano, unaanza kuchapa. Ukisimama sekunde chache tu, maneno yote yanafutika. Yote! Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuomba msamaha. Ni unyama, lakini unasaidia, kwa sababu yule jaji wa kichwani anayekwambia "hii mbaya, futa" anakosa nafasi ya kufungua mdomo. Ushauri wa bure: usijaribu siku ambayo umeme unacheza au bando imebaki ya kuungaunga.

Ila nikwambie, mazoezi makali kuliko yote hayahitaji hata MB moja.

Kuna Mfaransa anaitwa Georges Perec. Mwaka 1969 alitoa riwaya nzima, La Disparition, bila kugusa herufi e, na hiyo ndiyo herufi inayotumika kuliko zote kwenye Kifaransa. Kwetu zigo hilo amelibeba a. Hebu jaribu kuandika Kiswahili bila a uone moto unavyowaka. "Na" imekufa, "ya" imekufa, "alikuwa" usiitaje. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na a, kwa hiyo unabaki na vya kukataa kama sisemi na sili, vya kuomba kama niseme na tule, na vile vya mkopo wa Kiarabu kama rudi na fikiri. Mimi nikaambulia hii: "Kule Soni, moshi wote ule ni ukungu tu. Usiogope, rudi." Siyo Nobel, najua. Lakini angalia kilichotokea: ule uvivu wa kuanza kila stori na "hapo zamani palikuwa na" umekufa wenyewe, na imeingia sauti ya mtu anayemtuliza mwenzake barabarani. Sikuipanga. Herufi ndiyo imenisukuma huko.

Wachanaji, zoezi lenu liko kwa wazee. Shairi la kawaida lina mizani nane kushoto na nane kulia. Hesabu kwa vidole: "Ukungu huku Mtae, umemeza gari zima." Hiyo m ya Mtae inahesabiwa peke yake, usiiruke. Toa mistari minne kwa hesabu hiyo hiyo, vina vikae mahali pake, halafu ndiyo uweke biti. Flo itakayotoka hapo siyo ya kitoto. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapo Tanga aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa serikali, forodha ikiwemo, na mashairi na riwaya aliandika huku ajira inamsubiri. Kwa hiyo ile ya "mishe zimenibana" kwangu haipiti.

Halafu kuna zoezi la masikio. Shuka Mombo, kaa pale mabasi ya Arusha na Dar yanaposimama, sikiliza. Ukirudi geto andika mazungumzo matupu: hakuna majina, hakuna "alisema", msomaji ajue mwenyewe nani anaongea. Mfano:

– Anko, matunda damu haya, matamu balaa. Kindoo buku tatu.

– Juzi ulinipa mabichi.

– Siyo mimi, anko. Yule alishahamia Korogwe.

– Mbona shati ni lile lile?

– Aliniachia.

Umeona? Hakuna aliyeambiwa dogo ni mjanja, ila kila mtu kamjua. Hapo ndipo vijana wengi wanakwama, wanapenda kutueleza mtu yukoje badala ya kumwachia mdomo wake.

Mtandaoni zipo pia zile tovuti za kukupa wazo la kuanzia. Bonyeza, linakuja: theluji imeanguka, mlinzi wa jumba la kifahari kapotea. Theluji Lushoto? Baridi ya Julai ipo, lakini tusipandishane. Mimi nashauri ujitengenezee zako kutoka stori za hapa hapa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili miaka zaidi ya mia iliyopita, na humo kuna Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, aliyeua simba akaishia kuwa mfalme wa Vuga. Wote tumelelewa na hiyo stori. Sasa isimulie kupitia mmoja wa mbwa wake. Mbwa aliyekimbia porini miaka yote, halafu ghafla bosi kawa mfalme, hawindi tena. Huyo mbwa anafikiria nini? Hapo una kurasa kumi bila kutoka jasho.

Akili mnemba? Itumie ikuulize maswali, isikuandikie. Iambie itunge stori ya Lushoto, utaletewa kijiji kidogo kilichozungukwa na milima ya kijani na mzee mwenye busara chini ya mti. Kila saa mzee yule yule. Mchoshi.

Wanaopenda kuandikia watoto wacheki African Storybook. Wana picha za kutumia, unaweka maneno yako chini, unatoa kitabu kwa Kiswahili na mtu yeyote anakisoma bure. Haikupi hela, lakini inakufundisha kusema jambo kwa sentensi mbili, na hiyo ni kazi kuliko inavyoonekana.

Mkwanja je? Upo, kwa anayekaza. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, mshindi wa kwanza akiondoka na milioni 10. Kuna pia Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo zamani ilikuwa Mabati-Cornell, ilianzishwa 2014 na inapokea miswada ya Kiswahili. Dotto Rangimoto aliibeba 2017 kwa diwani yake ya Mwanangu Rudi Nyumbani. Huko wasee wa Mombasa na Nairobi nao wanapeleka, kwa hiyo usiende na mswada uliouandika usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Kabla ya huko kote, shule kali ipo WhatsApp. Waandishi kibao wa Bongo wanarusha simulizi vipande vipande kwenye magrupu: sehemu za mwanzo bure, halafu stori ikifika patamu anakata, unatuma hela kwa simu ndiyo unaendelea. Wengine wanawadharau, eti siyo fasihi. Mimi nawaheshimu kinoma. Yule mtu anajua mapema kabisa sentensi gani imemkimbiza msomaji, maana wanatoka kwenye grupu mbele ya macho yake. Na wakinogewa hawana adabu: chelewesha sehemu ya nane siku mbili, watakutukana kwanza, ndiyo walipie.