Ugonjwa wa kideri: ulikuja kwa meli, leo unapanda matatu

Mfugaji wa Msambweni akiamka na kukuta kuku watatu wamekufa bandani, wazo la kwanza huwa ni kuwauza waliobaki kabla nao hawajafa. Uchungu wake unaeleweka. Kuku hao ndio karo, ndio nauli ya hospitali, ndio kitoweo cha wageni. Lakini tenga hilo likifika soko la Ukunda, ugonjwa nao umefika.

Mara nyingi ugonjwa huo ni kideri, ambao wataalamu huuita Newcastle. Historia yake inaonyesha kuwa husafiri pale watu wanaposafirisha kuku.

Jina la Newcastle linatokana na mji wa bandari wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka wa 1926. Mwaka huohuo uliripotiwa pia katika kisiwa cha Java, Indonesia. Nchini Kenya, ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935 karibu na Mombasa, jirani zetu wa ng'ambo ya Likoni. Leo umeenea kote Afrika Mashariki.

Wataalamu hufuatilia safari hizo kwa kusoma vinasaba vya virusi katika maabara. Kila virusi vinapozaana, hutokea makosa madogo ambayo hurithiwa na kizazi kinachofuata. Virusi vyenye makosa yanayofanana ni vya ukoo mmoja. Kufikia sasa koo zaidi ya 20 zimetambuliwa. Ukoo wa tano umepatikana Kenya, Uganda na Tanzania, ishara kwamba virusi havisimami mpakani. Jamaa wa ukoo huohuo walizua mlipuko California, Marekani, kati ya mwaka wa 2018 na 2020, ambapo ndege zaidi ya milioni moja waliangamizwa ili kuuzuia.

Kwa Kwale, ambako kuku huvuka Lunga Lunga na kivuko cha Likoni, hili si jambo la mbali.

Habari njema ni kwamba, licha ya mabadiliko hayo yote, chanjo bado inafanya kazi. La Sota, chanjo iliyotokana na virusi vilivyopatikana Marekani katika miaka ya 1940, ingali inatumika duniani kote. Hapa nchini, taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya kideri. Hata hivyo, kuku aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila kuugua, kwa hivyo usafi haukwepeki.

Dalili za kideri ni kuhema kwa shida, kuharisha kinyesi cha kijani, kupooza mbawa au miguu, shingo kupinda, na vifo vya ghafla. Hakina tiba. Katika kundi lisilochanjwa, kinaweza kuua karibu kuku wote.

Wafugaji wanashauriwa:

• Kuchanja kuku walio wazima, kabla ugonjwa haujaingia. Chanjo nyingi huwekwa kwa tone la jicho au katika maji ya kunywa, na hurudiwa baada ya miezi michache kwa maelekezo ya afisa wa mifugo.

• Kuhifadhi chanjo kwenye baridi, na kuitumia siku ileile inapochanganywa.

• Kuwatenga kuku wapya kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuwachanganya na wengine.

• Kuosha matenga, viatu na vyombo baada ya kutoka sokoni.

• Kuzika mizoga katika shimo refu au kuichoma. Isitupwe vichakani.

• Kutouza wala kugawa kuku kutoka banda lenye ugonjwa.

Kideri si homa ya ndege, ila dalili zake zinaweza kufanana. Kwa hivyo, vifo vya ghafla viripotiwe mara moja kwa afisa wa mifugo wa wadi, na mizoga isishikwe kwa mikono mitupu.

Anayeuza kuku wagonjwa leo huokoa shilingi chache. Kesho jirani yake hupoteza banda zima, na ugonjwa humrudia mwenyewe pindi anapoanza kufuga upya.