Kufunga injini ya Carina kwenye Corolla: Mambo ya kuzingatia

Wamiliki wengi wa Toyota ambao injini zao zimechoka hununua injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine la kampuni hiyo. Jambo hilo linawezekana, mradi injini hizo ziwe za jamii moja.

Mfano ni 5A-FE ya cc 1,498, iliyofungwa katika Corolla na Carina za miaka ya 1990, na 7A-FE ya cc 1,762. Giaboksi hufungika kwa zote mbili. Hata hivyo, bloku ya 7A-FE ni ndefu zaidi kwenda juu, hivyo mkanda wake wa taimingi ni tofauti. Kompyuta ya injini nayo ihamishwe pamoja na injini yake, la sivyo kipimo cha mafuta huenda kombo.

Injini ya 1ZZ-FE, inayotumia cheni badala ya mkanda, ni ya jamii nyingine kabisa.

Nchini Tanzania, namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari. Mmiliki asiyeijulisha Mamlaka ya Mapato (TRA) anaweza kukwama siku ya kuliuza, na asiye na stakabadhi ya ununuzi atakuwa na kazi ya kuthibitisha kuwa injini hiyo si ya wizi.