Nimevuka Ruvuma na Xbox begani

Boti ya kwenda Namoto husubiri maji yajae. Wenzangu mnaopita njia hii mnaijua hali: upande wa Kilambo unakalia mzigo wako, unahesabu madumu na magunia ya watu, na mazungumzo ni bei tu. Mara hii nilikalia begi lenye kitu nilichoapa kwa miaka mingi kwamba sitakinunua. Xbox.

Mimi ni mtu wa PlayStation. Nilianza na PlayStation 2 iliyotoka Japani, ile nene, ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua, kwa hiyo ilikuja na transfoma nzito kuliko yenyewe. Pia ilikataa CD za Ulaya, hadi fundi aifungue. Tuliivumilia kwa sababu ya Winning Eleven, mpira wa kampuni ya Konami, na padi yake niliweza kuichezea gizani. Sony ilipoacha kuitengeneza mwaka 2013 nilikuwa bado naitumia. Baadaye nikahamia PlayStation 4 bila hata kuuliza bei ya kitu kingine, nikafungua kibanda cha gemu Palma pamoja na mwenzangu mmoja. Wateja walikuwa vijana wa mjini na madereva waliolala njiani. Walilipa kwa mechi, kwa metikali au kwa shilingi.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, mimi nilikuwa Mtwara nikinunua mzigo. Watu walikimbilia Afungi, wengine wakatoka kwa bahari kwenda Pemba, wengine wakaelekea mtoni kuja Tanzania. Mwenzangu alifika Pemba salama. Vitu vilibaki: PlayStation 4 mbili, runinga, padi na sanduku zima la CD. Sikuvidai kwa mtu yeyote. Ungeanzaje kuulizia CD za mpira kwa watu waliokuwa wanawatafuta watoto wao?

Lakini nilipotaka kuanza upya niligundua jambo. Kilichonifunga PlayStation miaka yote hiyo ilikuwa stoo, si mapenzi peke yake. CD za PlayStation haziingii Xbox, padi haziingiliani, na fundi wangu alijua mashine moja tu. Kuhama kungekuwa kutupa mtaji. Sasa mtaji wenyewe haukuwepo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa huru kupiga hesabu kama mfanyabiashara.

Hesabu ilikuwa hivi. Novemba 2020 Xbox Series S ilitoka kwa dola 299, na PlayStation 5 yenye sehemu ya CD kwa dola 499. Kwetu huku bei huongezeka kila mkono unapopita, lakini pengo linabaki. Series S ni ndogo, inaingia kwenye begi la mgongoni, na inakula umeme kidogo kuliko PlayStation 5. Anayewasha jenereta kwa petroli ya kubeba kwenye madumu anaelewa maana yake. Halafu padi. Ya PlayStation ina betri ya ndani; ikichoka katikati ya mechi unahitaji waya na umeme. Ya Xbox inatumia betri mbili za kawaida, zile za tochi ndogo, ambazo duka lolote lenye sabuni na kiberiti linazo. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa, na silionei aibu.

Konami nao walinisaidia kuachana nao. Mwaka 2021 mpira wao uligeuka eFootball, wa kupakua mtandaoni, bila CD. Winning niliyokuwa mwaminifu kwake haikuwepo tena kwenye mashine yoyote.

Sasa yale ambayo muuzaji hakuambii, hasa wewe unayefikiria kupeleka mashine hizi ng'ambo. Series S haina sehemu ya CD. Kila gemu unalipakua, na moja ni makumi ya gigabaiti. Zaidi ya hapo, ikitoka kwenye boksi haikubali kuanza mpaka iunganishwe na intaneti. Kwa hiyo iwashe Mtwara, kwenye mtandao mzuri, upakue kila kitu, kisha uiandikishe kuwa Xbox ya nyumbani ya akaunti yako. Usipofanya hivyo, ukifika mahali pasipo mtandao magemu uliyoyalipia yatakataa kufunguka. Ukinunua iliyotumika, kumbuka magemu yaliyomo ni ya akaunti ya mwenye mali wa kwanza. Akijitoa, umebaki na boksi.

Plagi nazo. Yetu Tanzania ina meno matatu ya mraba. Msumbiji utakuta tundu za meno mawili ya mviringo, au matatu makubwa ya mviringo kama Afrika Kusini. Beba adapta. Na usijidanganye forodhani kwamba kwa kuwa Tanzania na Msumbiji zote ziko SADC mashine itapita bila ushuru. Nafuu ile ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Mashine iliyotengenezwa China ni ya China hata ikipandishwa boti Kilambo. Mimi nilitoa risiti nikalipa. Ubishi ungenipotezea maji, na maji yakipwa unalala hapo.

Namoto niliifunga jioni, kwenye runinga ndogo. Vijana walikuja haraka, na balaa likaanza palepale. Kwenye padi ya PlayStation alama ya X iko chini, ndiyo pasi. Kwenye Xbox chini ni A, na X imekaa kushoto. Kijana akimfundisha mwenzake anamwambia abonyeze X, mwenzake anaiona X kweli, anaibonyeza, mpira unapaa juu badala ya kwenda mguuni. Wengine walidhani padi ni mbovu. Wawili waliniambia wazi kwamba wangengoja nilete mashine ya kweli. Mimi mwenyewe vidole vilinisaliti: mkono wa Winning unajua shuti liko kushoto, nikawa napiga krosi mbele ya goli tupu.

Sijui kama nitaweza kuwashika. Wanaokwenda Mtwara wanakuta PlayStation kila kona, na mchezaji hupenda mashine ambayo wenzake wanayo. Nikiona wanapungua, hakuna CD za kuuza nirudishe hela; nitauza boksi na padi tu. Hiyo ndiyo hatari niliyoivusha mto.

Betri, hata hivyo, zilidumu. Na juzi mtoto mmoja alikuja na sarafu zake mkononi, akasimama mbele ya Xbox, akaomba acheze PS. Nikapokea sarafu, nikampa padi.