Utambuzi na uchaguzi wa mimea ya kupamba ofisi na makazi: mfano wa Nduruma

Kila msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, ofisi za umma, shule na wananchi hupanda miti na maua kuzunguka majengo yao. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, mara nyingi mche huchaguliwa kwa kuwa tu ulikuwapo kitaluni siku hiyo, au kwa kuwa ua lake lilipendeza kwa jirani. Makala haya yanaeleza kwa nini mmea hauna budi kutambuliwa kwanza, ndipo uchaguliwe. Mfano unaotumika ni Nduruma, katika Wilaya ya Arusha, ambako kosa la aliye juu humfikia aliye chini.

Mto Nduruma huanzia kwenye miteremko ya Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, na kushuka kuelekea tambarare kavu za kusini, hatimaye maji yake yakaingia katika Bonde la Pangani. Juu kuna migomba na kahawa, katikati kuna mashamba makubwa ya maua, na chini wapo wakulima wanaotegemea mifereji kumwagilia mahindi na mboga. Maji ni yale yale. Bustani ya ofisi inayohitaji kumwagiliwa kila siku wakati wa kiangazi huyachukua kutoka kwa mtu fulani.

Kwa sababu hiyo mkaratusi, ambao hukua haraka na kunywa maji mengi, haufai kabisa karibu na chemchemi wala mfereji. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mahali hapo mikuyu iliyopo iachwe isimame.

Kuhusu utambuzi, ieleweke kuwa jina la mtaani halitoshi. Mkrismasi, kwa mfano, kwa baadhi ya watu ni mti wenye maua mekundu uchanuao kuelekea Desemba. Kwa wengine ni sipresi inayopambwa sebuleni. Mjohoro nao hutajwa kwa miti zaidi ya mmoja. Anayeagiza miche kwa jina tu anaweza kuletewa mti mwingine, na akalijua hilo baada ya miaka mitatu.

Mkoa wa Arusha una bahati katika jambo hili, kwani hazina ya taifa ya sampuli za mimea iliyokaushwa imo mkoani humu, upande wa Ngaramtoni. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyojulikana kama TPRI, ambayo shughuli zake sasa zimo katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Anayetaka mmea wake utambuliwe asipeleke jani moja lililonyauka mfukoni. Akate kitawi chenye majani kadhaa, na maua au matunda yakiwapo, akilaze kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, na kubadilisha karatasi kila siku hadi kikauke. Aandike pia yale yatakayopotea: rangi ya ua, harufu, utomvu kama upo, kimo cha mti, hali ya gome na mahali ulipoota.

Mmea ukishajulikana, uchaguzi huwa mwepesi. Sehemu za juu zenye mvua na ubaridi, mringaringa hufaa sana: ni mti wa asili, una kivuli kipana, maua meupe yapendwayo na nyuki, na mbao nzuri baadaye. Kwa uzio hakuna haja ya kuagiza mbali wakati masale yapo. Wachaga huyatumia kuweka mipaka na hata kuombea msamaha, na upande wa Meru nako hupandwa mipakani. Ni mmea unaoheshimika bila askari. Mjakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, umeipa Arusha sifa yake ya Oktoba na Novemba, lakini usipandwe karibu na paa, kwani maua na majani yake huziba michirizi. Sehemu za chini zenye joto, mwarobaini huvumilia ukame, na mgunga wenye gome la manjano hustawi penye maji karibu.

Yapo mambo ya hatari. Oleanda ina sumu katika kila sehemu yake, hivyo isipandwe shuleni, zahanati wala palipo na mifugo. Utomvu wa mnyaa, unaotumika sana kama uzio sehemu kavu, ukiingia machoni huumiza vibaya. Gugu karoti, lililotambuliwa Arusha mwaka 2010, lina vijiua vyeupe na majani kama ya karoti. Huwasha ngozi na kuharibu malisho. Lisiachwe bustanini kwa kudhaniwa kuwa ni ua. Ling'olewe kabla ya kutoa mbegu, kwa mikono iliyovikwa glavu.

Shimo la mti lichimbwe mapema, sentimita 60 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Mche upandwe mvua ikishalowesha ardhi, na udongo wa juu, uliochanganywa na samadi iliyooza, ndio utangulie kurudishwa.